Daftari la Wiki: Milio Juu ya Barabara ya Thika

Gwaride la taifa likipangwa kufanyika Nairobi, wakazi wa Ruiru huonja onyesho kabla ya wageni wa heshima. Siku za mazoezi, ndege za Jeshi la Wanahewa huzunguka upande huu ili zijipange kabla ya kurudi mjini, na shughuli za steji husimama kidogo. Makanga huacha kuita abiria wa Githurai, mama mboga hukinga jua kwa kiganja, na hakosi kutokea kijana mmoja anayejua: hizo ni F-5, ile helikopta inayofuata polepole ni Puma. Kijana wa namna hiyo yupo karibu kila mtaa. Hajawahi kuingia kambi ya jeshi, lakini mwulize tofauti ya F-5E na F-5F atakujibu kabla hujamaliza swali: E ina kiti kimoja, F ina viwili.

Kenya ilipokea F-5 zake za kwanza mwaka 1978 kutoka kampuni ya Northrop ya Marekani. Miongo mitatu baadaye ikanunua nyingine kutoka Jordan, zilizokwisha kutumika, na ununuzi huo ukazua maneno mengi bungeni na magazetini juu ya bei na umri wa ndege zenyewe. Mlipa kodi ana haki ya kununa. Mpenzi wa ndege za kale hana sababu hiyo. F-5E iliruka mara ya kwanza mwaka 1972, kwa hiyo kinachopita juu ya paa za Ruiru ni kitu ambacho nchi kadhaa zimeshakipeleka makumbusho.

Jambo la pembeni, kwa wale waliokulia kwenye vibanda vya video: katika filamu ya Top Gun ya mwaka 1986, adui huruka na ndege nyeusi iitwayo MiG-28. Hakuna MiG-28 duniani. Zilikuwa F-5 zilizopakwa rangi. Maelfu ya watoto wa Kenya walimshangilia Tom Cruise akizitungua ndege za aina ileile iliyokuwa ikilinda anga yao.

* * *

Thika ina kisa chake, nacho hakitajwi sana. Hali ya hatari dhidi ya Mau Mau ilitangazwa Oktoba 1952. Machi 1953, jeshi la anga la Uingereza lilifufua kikosi kidogo, namba 1340, likakiweka kwenye uwanja wa ndege wa Thika. Ndege zake ziliitwa Harvard, na zilitolewa katika shule ya marubani ya Waingereza huko Rhodesia ya Kusini. Harvard haikuundwa kwa vita. Ni ndege ya kufundishia, mwanafunzi mbele na mwalimu nyuma, ambayo mafundi waliifunga bunduki moja ya rashasha na vibebeo vya mabomu madogo ya ratili 20 hivi chini ya mabawa. Baada ya muda kikosi kikahamia Mweiga, karibu na Nyeri, ambako msitu wa Nyandarua ulikuwa mlangoni kwake.

Wapenda ndege hupenda sadfa, nao hapa wanayo. Injini ya Harvard, ya Pratt & Whitney yenye nguvu za farasi 600, huitwa R-1340 kwa sababu ya ujazo wa silinda zake kwa inchi za ujazo. Kikosi 1340, injini 1340. Aliyekipa kikosi namba hiyo wakati wa Vita Vikuu vya Pili hakuwa akiifikiria Thika wala Harvard.

Kinachoitambulisha Harvard kabla haijaonekana ni mlio. Ncha za rafadha yake huzunguka kwa kasi inayokaribia ile ya sauti, na hewa inayochanwa pale hutoa ngurumo kali, ya kukereza, inayosikika mbali kuliko ukubwa wa ndege unavyostahili. Zaidi ya ndege 15,000 za ukoo huu zilitengenezwa, na nyingi bado zinaruka mikononi mwa watu binafsi. Kwenye maonyesho ya Uingereza, Afrika Kusini au Marekani, wazee hufumba macho ikipita, wakakumbuka ujana wao. Shosho wa Murang'a aliyekuwa msichana mwaka 1953 anaukumbuka mlio uleule, na yeye hafumbi macho. Kwa miaka mingi vitabu vya ndege vimeandikwa na aliyekaa juu. Kijana wa Ruiru anayependa injini hizi ana nafasi ambayo mwenzake wa Ulaya hana: anaweza kupanda matatu, akashuka kijijini, akamwuliza aliyekuwa chini.

* * *

Novemba 1953 zikaja kubwa. Lincoln, yenye injini 4 za Merlin za Rolls-Royce, ilikuwa mdogo wake Lancaster, ile iliyobomoa mabwawa ya Ujerumani mwaka 1943 na kutengenezewa filamu. Mpenzi wa ndege akisikia neno Merlin husisimka, maana ndiyo injini iliyoibeba Spitfire. Vikosi vya Lincoln vilipokezana katika kambi ya Eastleigh, Nairobi, kimoja kikiondoka kingine kikiingia, na kazi yao ikawa kudondosha mabomu katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya.

Ipo hesabu inayonakiliwa kila mahali kuhusu kazi hiyo: eti kati ya Novemba 1953 na Julai 1955 Lincoln ziliruka mara 900 na kudondosha karibu mabomu milioni 6. Chukua kalamu. Milioni 6 ukizigawa kwa 900 unapata zaidi ya mabomu 6,600 kwa kila safari. Mzigo wa kawaida wa Lincoln haukuzidi ratili 14,000, na mabomu iliyotumia huku yalikuwa ya ratili 500 na 1,000. Haiingii. Sasa isome ile milioni 6 kuwa ni ratili, si mabomu: kila ndege inabeba ratili 6,600 na kitu, mzigo wa kuaminika kabisa kwa safari ya Eastleigh hadi mlimani na kurudi. Yaelekea kuna mtu aligeuza ratili kuwa mabomu, na waliomfuata wakanakili bila kupiga hesabu. Daftari hili halisemi hivyo ili kupunguza uzito wa kilichotendeka. Ratili milioni 6 ni zaidi ya tani 2,700 za chuma na baruti juu ya msitu wenye watu ndani yake, na msitu huo ulikuwa mnene kiasi kwamba aliyelenga kutoka juu aliona majani tu.

Pamoja na mabomu kulikuwa na maneno. Ndege ndogo zilizofungwa vipaza sauti zilizunguka zikiwataka wapiganaji wajisalimishe, nyingine zikamwaga vikaratasi. Rubani wa ndege hizo alilazimika kuruka polepole na chini ili asikike. Kazi ya ajabu: kubembeleza kwa sauti kubwa juu ya miti.

Lincoln moja haikurudi kambini kwa sababu isiyohusu vita. Mwaka 1955 ilipita chini mno juu ya Githunguri, ng'ambo ya mashamba ya kahawa ukitoka Ruiru, rubani akifanya mbwembwe juu ya kituo cha polisi, ikagonga na kuanguka. Waliokuwemo walikufa, na wanakijiji pia. Waingereza waliyeyusha karibu Lincoln zote zilipozeeka. Zilizobaki duniani hazijazi vidole vya mkono mmoja, na mojawapo imesimama makumbusho ya Cosford, Uingereza, ikiwa safi, taa zikiimulika.

* * *

Ruiru haihitaji historia ili kujua kwamba ndege huanguka. Tarehe 7 Agosti 2025, ndege ya wagonjwa ya AMREF Flying Doctors, Cessna Citation iliyokuwa imetoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kuelekea Hargeisa, iliangukia nyumba za Mwihoko. Watu 4 waliokuwa ndani walikufa, na wengine 2 waliokuwa chini. Haikuwa ya kijeshi wala ya kale, lakini daftari linalosifu injini kurasa hizi zote lingekuwa na kasoro kuiruka.

* * *

Turudi jeshini. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982, askari wa wanahewa wakiongozwa na Hezekiah Ochuka walijaribu kuipindua serikali. Huko Nanyuki marubani wa F-5 walishikiwa bunduki na kuamriwa wakapige Ikulu na makao makuu ya kikosi cha polisi cha GSU, Ruaraka, kando ya Barabara ya Thika. Wakapaa. Inavyosimuliwa, marubani waliipindua ndege huku na huko angani mpaka mlinzi mwenye bunduki, ambaye hakuwa amezoea mambo hayo, akalegea. Mabomu wakayamwaga katika msitu wa Mlima Kenya. Ni msitu uleule wa Lincoln. Miti hiyo imebeba mizigo ya watu wengi.

Ochuka naye alipoona mambo yameharibika alikimbilia ndege ya aina nyingine kabisa, Buffalo, ya mizigo, iliyotengenezwa Canada. Wapenda ndege huiheshimu Buffalo kwa sababu haichagui uwanja: hupaa na kutua katika kipande kifupi cha ardhi. Marubani walilazimishwa kumpeleka Tanzania. Alirudishwa, akahukumiwa, akanyongwa Kamiti Julai 1987. Kamiti, jirani wa Ruiru, ndiko pia alikonyongwa kiongozi wa Mau Mau, Dedan Kimathi, Februari 1957.

Jeshi la Wanahewa lenyewe lilivunjwa, likaitwa Eighty-Two Air Force, na halikurudishiwa jina lake hadi mwaka 1994.

* * *

Mwanafunzi mrefu kupita kiasi. Roald Dahl, kabla ya kuandika hadithi za watoto, alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell mjini Dar es Salaam. Vita vilipozuka mwaka 1939 aliendesha gari hadi Nairobi akajifunze urubani kwa ndege ya Tiger Moth, ambayo haina paa. Urefu wake ulikaribia mita 2, hivyo kichwa kikatokeza juu ya kioo na upepo ukamziba pumzi. Walioanza naye walikuwa 16. Watatu tu ndio walioona mwisho wa vita.

Na hili ni la wale wanaodhani kila upande hutumia ndege zake. Kenya ilipoanza kupigana na Waitalia wa Ethiopia na Somalia, Juni 1940, miongoni mwa ndege za kwanza kudondosha mabomu upande wa Moyale zilikuwa Junkers Ju 86, za Kijerumani halisi. Afrika Kusini ilikuwa imezinunua kwa ajili ya abiria wa shirika lake la ndege. Vita vilipoanza ziliondolewa viti, zikavalishwa mabomu, zikatumwa huku kupigana na mshirika wa Hitler.

* * *

Novemba 2016 msafara wa ndege za mabawa mawili ulipita Kenya ukitoka kisiwa cha Crete, Ugiriki, kwenda Cape Town. Zilikuwemo Tiger Moth, na Stearman za Marekani, ambazo nazo zilizaliwa kufundisha marubani wa vita. Misri iliziruhusu zitue karibu na mapiramidi ya Giza. Ethiopia ikazizuia Gambela pamoja na wenyewe kwa siku kadhaa, kwa madai kwamba zimeingia bila ruhusa. Ndege ya miaka ya 1930 husafiri kwa kasi inayokaribia ya basi la usiku lenye haraka, hivyo safari ikachukua zaidi ya mwezi. Wenye saa za kisasa walicheka. Daftari hili lingelipa nauli.

* * *

Swali linalorudi kila Kenya inapozungumzia ndege zake za zamani ni zilikokwenda. Baadhi ya Hawker Hunter, zilizonunuliwa kwa Waingereza miaka ya 1970, zilikwenda Zimbabwe baada ya F-5 kuingia. Strikemaster zina safari ndefu zaidi. Kenya ilipata 6 mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970: ndege fupi, marubani wawili wakiketi bega kwa bega, mwanafunzi akiona mkono wa mwalimu. Mwaka 1988 zilihamia Botswana, zikatumika huko mpaka Botswana nayo iliponunua CF-5 za Canada mwaka 1996, ndugu wa F-5 zetu. Hapo Strikemaster zikaingia sokoni. Baadhi zikanunuliwa na matajiri wa Ulaya wenye mapenzi ya injini, wakazisajili kama ndege za kiraia na kuzirusha kwenye maonyesho ya kiangazi kwa kiingilio. Mtu wa Thika anayetaka kuona moja ya ndege zilizojenga Jeshi la Wanahewa ikiwa angani aanze na ubalozi, si lango la Eastleigh, na aombe viza mapema, maana kiangazi cha huko ni kifupi na foleni ya maombi ni ndefu.