Anayehama kazi asipoteze haki yake ya kodi

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo linalowagusa wafanyakazi wengi, lakini ambalo husemwa zaidi vijiweni na ndani ya daladala kuliko mahali panapohusika. Jambo lenyewe ni makato ya kodi ya mapato kwa mfanyakazi anayeacha kazi kwa mwajiri mmoja na kuanza kwa mwajiri mwingine kabla mwaka haujaisha.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Mabwepande, pembezoni kabisa mwa Wilaya ya Kinondoni, ambako mashamba ya mihogo na nyumba mpya bado vimechanganyika. Sikusomea uhasibu. Nilisomea ualimu chuoni, na hesabu ninazozifahamu ni zile ninazowafundisha watoto wa darasa la sita. Lakini nimegundua kwamba hesabu hizo hizo za asilimia, kama mtu atakaa chini na kalamu yake, zinatosha kabisa kumwonyesha kama amekatwa sawasawa au amezidishiwa.

Kisa changu ni hiki. Nilipotoka chuoni sikupata ajira ya serikali mara moja, nikafundisha miaka kadhaa katika shule moja ya watu binafsi. Mwaka 2022 niliacha kazi hapo mwishoni mwa Aprili. Mei na Juni nilikaa nyumbani bila mshahara. Julai nikaanza kazi serikalini. Mwaka ulipokwisha nikataka kujua nimelipa kodi kiasi gani kwa jumla, na hapo ndipo nilipokwama. Kule nilikotoka, kila mwezi tulikuwa tunasaini kitabu na kuhesabiwa fedha mkononi, na neno "kodi" liliandikwa kwa kalamu pembeni ya jina langu. Sikuwahi kupewa hati ya mshahara. Nilipokwenda kuomba karatasi ya kuonyesha makato yangu ya miezi minne, niliambiwa mhasibu amesafiri. Nilikwenda mara tatu, na mara zote tatu mhasibu alikuwa safarini. Sisemi kwamba fedha zile hazikufikishwa zinakotakiwa. Ninachosema ni kwamba mimi niliyekatwa sina hata kipande cha karatasi cha kuthibitisha kuwa nilikatwa.

Ndugu Mhariri, nikiruhusiwa nitaeleza kwa kifupi jinsi kodi hii inavyokwenda, maana wengi wetu tunalalamika bila kujua. Kodi ya mshahara, ambayo wengi huiita "lipa kadiri unavyopata", hukatwa na mwajiri kwa niaba ya Mamlaka ya Mapato Tanzania, na mwajiri anatakiwa kuiwasilisha ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Kwanza huondolewa mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani NSSF kwa sekta binafsi na PSSSF kwa watumishi wa umma, kisha kinachobaki ndicho kinachotozwa kodi. Kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza katika mwezi hazitozwi kitu. Kinachozidi hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8. Kinachozidi 520,000 hadi 760,000 hutozwa asilimia 20, kinachofuata hadi 1,000,000 asilimia 25, na zaidi ya hapo asilimia 30.

Sasa, jambo ambalo wengi hatulijui ni kwamba sheria yenyewe inamtazama mtu kwa mwaka mzima, kuanzia Januari hadi Desemba. Jedwali la mwezi ni njia ya kukusanya tu. Msamaha wa 270,000 kwa mwezi, ukiuzidisha mara kumi na mbili, ni msamaha wa shilingi 3,240,000 kwa mwaka. Kwa mtu aliyefanya kazi mahali pamoja mwaka mzima kwa mshahara ule ule, hesabu ya mwezi na hesabu ya mwaka hutoa jibu moja. Kwa aliyehama na kukaa katikati bila kazi, majibu hayo mawili yanapishana.

Nitatoa mfano kwa tarakimu za mviringo zinazokaribia zangu. Tuseme baada ya kutoa mchango wa hifadhi ya jamii mtu alibakiwa na 330,000 kwa mwezi kuanzia Januari hadi Aprili. Kinachozidi msamaha ni 60,000, na asilimia 8 yake ni 4,800. Kwa miezi minne amekatwa 19,200. Mei na Juni hakupata kitu. Kuanzia Julai hadi Desemba akawa na 470,000 kwa mwezi. Kinachozidi msamaha ni 200,000, kodi yake 16,000, na kwa miezi sita ni 96,000. Jumla amekatwa 115,200.

Tufanye sasa hesabu ya mwaka. Mapato yake yote ni 1,320,000 na 2,820,000, yaani 4,140,000. Ondoa msamaha wa mwaka wa 3,240,000, inabaki 900,000. Asilimia 8 ya hiyo ni 72,000. Amekatwa 115,200 wakati deni lake lilikuwa 72,000. Zimezidi shilingi 43,200. Zimetoka wapi? Zimetoka katika ile miezi miwili aliyokaa nyumbani, ambayo msamaha wake wa 270,000 kila mwezi haukutumika popote. Zidisha 540,000 kwa asilimia 8 utazipata zile zile 43,200. Mtu alikosa mshahara miezi miwili, na juu ya kukosa huko akalipa kodi zaidi ya inayompasa.

Mfano wa pili ni wa kijana wa ukoo wetu anayeishi Mbagala, Wilaya ya Temeke. Alihama kutoka ghala moja kwenda kiwanda fulani. Mwezi wa kwanza jina lake halikuwahi kuingia katika orodha ya malipo, akalipwa mishahara miwili kwa pamoja mwezi wa pili. Tuseme fedha yake ya kutozwa kodi ni 500,000 kwa mwezi. Kodi ya mwezi mmoja ingekuwa 18,400, na ya miezi miwili 36,800. Lakini mhasibu akizijumlisha zikawa 1,000,000 na kuzipitisha katika jedwali la mwezi mmoja, kodi inakuwa 128,000. Tofauti ni 91,200. Kijana yule alidhani ameibiwa na mwajiri mpya, akataka kugombana. Hakuibiwa. Malimbikizo yalimpandisha ngazi ambayo si yake.

Wapo pia wanaoshika kazi mbili kwa wakati mmoja, labda kwa sababu hawajaiacha ya kwanza wakati ya pili imekwisha kuanza. Hao wanapaswa kumjulisha mwajiri ipi ni kazi kuu na ipi ni ya ziada, kwa sababu ile ya ziada hukatwa asilimia 30 tangu shilingi ya kwanza, bila msamaha wowote. Mwenye 470,000 katika kazi kuu na 100,000 katika kazi ya ziada atakatwa 16,000 huku na 30,000 kule, jumla 46,000. Fedha hizo zingehesabiwa pamoja kama 570,000, kodi ingekuwa 30,000. Na anayenyamaza ili apewe msamaha mara mbili naye ajue kwamba anajitengenezea deni.

Je, aliyekatwa zaidi hana njia? Njia ipo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti kinachoonyesha malipo yake na kodi iliyozuiwa, na kwa anayeacha kazi katikati ya mwaka haimtaki asubiri hadi mwaka uishe. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 nayo inampa mlipakodi aliyelipa zaidi haki ya kuomba arudishiwe. Taabu ni kwamba haki hiyo ina mlango mmoja, na ufunguo wa mlango huo ni karatasi. Asiye na cheti ataomba kwa kutumia nini?

Hapa nakumbuka maneno ya wazee wetu. Wakati wa kodi ya maendeleo, ambayo wananchi waliiita kodi ya kichwa na ambayo ilifutwa mwaka 2003, mtu aliyelipa aliitunza stakabadhi yake kama cheti cha ndoa. Wengine waliiweka ndani ya kopo, wengine waliishonea mfukoni, kwa sababu mgambo angeweza kuidai njiani wakati wowote. Kodi ile ilikuwa na adha nyingi na sitamani irudi. Lakini angalau mlipaji alikuwa na ushahidi mkononi. Leo mfanyakazi analipa kila mwezi, pengine mara nyingi zaidi ya alivyolipa babu yake, na hana hata stakabadhi moja.

Wenzetu wa nchi nyingine wameliona tatizo hili. Uingereza, mfanyakazi anayeacha kazi hupewa karatasi iitwayo P45 inayoonyesha alichopata na alichokatwa tangu mwaka wa kodi uanze. Huikabidhi kwa mwajiri mpya, na huyo huendeleza hesabu pale ilipoishia, hata kama kuna fedha iliyozidi hurudi taratibu katika mishahara inayofuata. Sisemi tuige kila kitu cha Uingereza. Lakini mwanafunzi anayehama kutoka shule moja kwenda nyingine hapa kwetu hapokelewi bila barua ya uhamisho na kumbukumbu zake. Kwa nini makato ya mtu mzima yahame bila barua?

Najua wapo watakaosema kwamba hizi ni fedha kidogo, na kwamba serikali inazihitaji kwa ajili ya madarasa na dawa. Mimi ni mwalimu, nafahamu thamani ya darasa, na sina kinyongo na kodi. Lakini 43,200 kwa mwalimu au kibarua wa kiwandani ni nauli ya wiki kadhaa kutoka Bunju au Mbagala kwenda mjini na kurudi. Isitoshe, fedha iliyozidi si kodi. Ni fedha ya mwananchi iliyokaa mahali pasipo pake. Mtu anayerudishiwa kilicho chake mwaka huu hatalipa kwa manung'uniko mwaka ujao. Haba na haba hujaza kibaba, na manung'uniko nayo hujaza kibaba chake.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, natoa mapendekezo haya.

Kwanza, waajiri wahimizwe kutoa cheti cha kodi siku ile ile mfanyakazi anapokabidhi vifaa vya ofisi. Barua ya kuacha kazi isihesabiwe imekamilika bila cheti hicho.

Pili, Mamlaka ya Mapato imwezeshe kila mfanyakazi kuona makato yake kwa kutumia namba yake ya mlipakodi, ambayo ni moja kwa maisha yake yote hata akihama kazi mara kumi. Mwajiri anapeleka taarifa kila mwezi. Kwa kuwa namba ni moja, isiwe vigumu kwa hesabu za waajiri wawili kukutana na aliyezidishiwa kuarifiwa bila kusubiri aje kulalamika.

Tatu, maelezo haya yaandikwe kwa Kiswahili chepesi, pamoja na mifano, yabandikwe katika ofisi za serikali za mitaa na milango ya viwanda. Asiyejua kwamba mwaka una hesabu yake hawezi kudai haki ya mwaka.

Nne, vyama vya wafanyakazi, chetu cha walimu kikiwamo, vifundishe jambo hili matawini. Tunakutana kuzungumzia nyongeza ya mshahara, na ni vyema, lakini hata kilichokwisha kupatikana kinahitaji kulindwa.

Mwisho nawageukia wafanyakazi wenzangu, na hapa najisema na mimi mwenyewe. Kosa si la waajiri peke yao. Miaka yote ile nilisaini kitabu bila kuuliza hata siku moja. Niliona haya kumuuliza mkuu wangu habari ya fedha, nikidhani ni utovu wa adabu. Leo ninawafundisha watoto kwamba jibu bila njia halina maksi, nami nilikubali jibu la mwajiri miaka yote bila kuonyeshwa njia. Basi tudai hati ya mshahara kila mwezi, tuitunze, na tunapohama tuondoke na cheti chetu.

Fedha zangu za mwaka ule nimekwisha zikatia tamaa. Lakini wapo vijana waliomaliza vyuo ambao bado wanafundisha shule za watu binafsi wakisubiri majina yao yatoke. Siku yakitoka, wasiondoke mikono mitupu kama nilivyoondoka mimi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mabwepande, Kinondoni,
Dar es Salaam.