Utalala Kwa Nani?

Swali gumu zaidi kwa teknolojia ya Kenya halihusu programu. Halihusu hesabu, wala Kiingereza, wala kama laptopu yako iko na nguvu. Ni hili: ukienda Nairobi kwa kongamano, utalala kwa nani?

Kama umelelewa Nairobi pengine hujawahi kuulizwa. Kongamano likiisha saa kumi na moja jioni unapanda matatu, saa moja uko kwenu unakula. Huku Birongo swali linakuja kabla hata hujamaliza kueleza kongamano ni la nini. Na ndilo linaamua nani ataingia hii dunia na nani atabaki akiiangalia kwa simu.

Wacha niseme maoni yangu mapema, mwenye kukasirika akasirike tukiwa bado na nafasi ya kuongea. Sehemu kubwa ya pesa na nguvu tunayotumia kupeleka vijana wachache kwa kongamano za mbali, tuitumie kuleta kongamano mahali vijana wako. Spika ndiye apande gari. Spika ndiye atafutiwe pa kulala.

Kama hujui naongea kuhusu nini: kuna vikundi vya watumiaji wa teknolojia. Watu wanaotumia kitu kimoja, tuseme lugha ya Python, ama Android, ama Linux, wanakutana, mmoja anasimama mbele anaonyesha kile amejifunza, wengine wanauliza maswali, halafu chai. Hakuna mtihani, hakuna karo. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo vitu vingi ninavyojua kuhusu video, tovuti na programu nimevitoa huko, pamoja na usiku mwingi kwa simu yangu. Siku hizi naitwa kuongea, hasa kuhusu kufundisha teknolojia kwa Kiswahili, na pia nasaidia kupanga. Nimekaa pande zote mbili za meza.

Sasa tupige hesabu ya duka. Kutoka hapa unafika kwanza Kisii mjini, halafu karibu kilomita 300 hadi Nairobi kupitia Narok. Kongamano linaanza saa tatu asubuhi, kwa hivyo unasafiri siku moja kabla, na jioni likiisha umechelewa kurudi. Tuseme nauli kwenda na kurudi ni 2,500, loji ya bei ya chini mara mbili ni 2,000, chakula 1,000. Hiyo ni 5,500 kwa mtu mmoja. Vijana kumi ni 55,000.

Geuza. Leta spika wawili Birongo kwa hizo hizo bei, ni 11,000. Ongeza 10,000 ya chai, mandazi, bando na shukrani kwa mwenye ukumbi. Jumla ni 21,000, na waliokaa kwa viti si kumi, ni arobaini. Weka bei zako ukitaka, panda ama shuka, mizani itaangukia upande huo huo.

Na hapo bado hatujahesabu kitu ambacho pesa hainunui. Binamu yangu alimaliza Form Four, ako na miaka 19, na kwa simu ya kioo kilichopasuka amejifunza HTML mpaka mimi naogopa. Alipata tiketi ya bure ya warsha ya siku moja Nairobi. Ya bure kabisa. Anti akauliza swali lake moja: utalala kwa nani? Hatuna mtu wetu huko wa kumpokea msichana. Tiketi ikaisha hapo. Wale waliopanga warsha waliona kiti kimoja kitupu, pengine wakasema vijana wa mashinani hawajitumi. Anti hakuwa anapinga teknolojia. Alikuwa mzazi.

Kuna watu wanafikiri mkutano bila jukwaa kubwa, taa za rangi na hoteli si mkutano. Someni historia. Machi 1975, Menlo Park huko California, watu kama 30 walikutana kwa gereji ya jamaa anaitwa Gordon French kuangalia kompyuta moja ya kujiundia, Altair 8800. Hicho kikundi kiliitwa Homebrew Computer Club. Kati ya waliokuja alikuwa Steve Wozniak, kijana mwenye haya nyingi. Alienda nyumbani na mawazo ya kile alichoona, akaanza kuunda kompyuta yake, akawa anairudisha kwa kikundi na kugawa michoro yake bure. Hiyo ndiyo ilikuja kuwa Apple ya kwanza. Lakini angalia kitu kingine: gereji ilikuwa karibu na walikoishi. Alienda, akarudi kwake kulala.

Kwetu pia kila palipofunguliwa mlango karibu na watu, watu waliingia. iHub ilifunguliwa Nairobi, Barabara ya Ngong, mwaka 2010, na kizazi kizima cha wasee wa programu kikapitia pale. Mombasa ikapata Swahilipot. Kisumu ikapata LakeHub. Hizo zote ni hatua. Kutoka hapa Kisumu unaweza kuenda na kurudi siku moja, ukiamka na majogoo na barabara ikikubali. Lakini ukitoa miji mikubwa, ramani inabaki nyeupe, na sisi ndio wengi.

Msiniambie kongamano haliwezi kuhama. PyCon Africa, mkutano wa watumiaji wa Python wa bara zima, ulianzia Accra mwaka 2019. DjangoCon Africa ya kwanza, Novemba 2023, ilifanyika Zanzibar. Iliyofuata, Agosti 2025, ikaenda Arusha. Mara zote mbili wangeweza kuchagua jiji kubwa la Afrika Mashariki lenye ndege nyingi. Hawakuchagua. Kama mkutano wa bara unaweza kupelekwa kisiwani, ule wa kaunti utashindwaje kufika Keroka, Nyamira ama Birongo?

Tulijaribu huku. Sitawaambia ilikuwa kubwa. Mara ya kwanza walikuja watu 23. Lakini nilijifunza vitu ambavyo hakuna ukumbi wa Nairobi ungenifundisha.

Kwanza ni siku. Kongamano nyingi ni Jumamosi. Huku Gusii Wasabato ni wengi sana, na Jumamosi ni Sabato, mwisho wa maneno. Ukipanga Jumamosi umefungia nje nusu ya watu na hujui, halafu unalalamika hawakuja. Sisi tuliweka Jumapili saa nane, Wakatoliki wakiwa wametoka misa, na ukumbi wa kanisa la Wasabato ukiwa hauna kazi. Tukaupata bila malipo.

Pili ni simu. Kati ya watu 23, waliokuja na laptopu walikuwa watatu. Spika aliyejitayarisha kwa watu wenye laptopu angeongea na ukuta. Kwa hivyo kila kitu kilifanywa kwa simu, wawili wawili, mwenye bando akimgawia asiye nayo.

Tatu ni mvua. Kisii mvua ya alasiri haiombi ruhusa. Ikigonga mabati husikii hata jina lako. Ikianza, spika ananyamaza, projekta inazimwa, watu wanainamia simu na kufanya mazoezi mpaka ipungue. Huwezi amini, hiyo ndiyo saa watu wanajifunza zaidi.

Nne, na hii ndiyo kubwa, ni maswali. Nairobi watu wanauliza utapataje mwekezaji. Huku kijana mmoja aliuliza atawekaje hesabu ya majani chai ya mama yake. Akaonyeshwa jinsi ya kutengeneza jedwali kwa simu: kila siku anaandika kilo zilizopimwa, mwisho wa mwezi analinganisha na karatasi ya malipo. Dakika arobaini. Hakuna aliyempigia makofi, lakini mama yake sasa anajua kilo zake bila kukisia. Niambie ni jukwaa gani la Nairobi lingempa huyo kijana mada hiyo.

Na binamu yangu? Alikuja. Anti alikuja pia, akakaa nyuma na kikapu chake, akasikiliza dakika ishirini, akaenda sokoni. Mara ya pili Anti hakuja kabisa, na hiyo ndiyo ruhusa yenyewe. Mara ya tatu binamu alisimama mbele akafundisha wengine kutengeneza ukurasa wa kwanza wa tovuti, nusu Kiswahili, nusu Ekegusii. Alikuwa anatetemeka. Alimaliza.

Najua kuna mtu anasema: lakini safari yenyewe ni shule, tembea uone. Kweli, na mimi sitaki mtu akae Birongo maisha yake yote akihesabu ndizi. Nimesafiri, na kila safari imenifungua macho. Nairobi ndiko kampuni ziko, ndiko wafadhili wako, ndiko unakutana na mtu kwa foleni ya chakula anakupa kazi. Lakini mtu anafaa kusafiri akiwa na kitu cha kupeleka. Ukimpeleka kijana Nairobi kabla hajawahi kushika hata zoezi moja, anarudi na stika na picha. Ukimpeleka akiwa ameshafundisha wenzake mara tatu, anaenda kama mgeni mwenye zawadi mkononi.

Tena safari si bure, na tuseme ukweli kuhusu hilo. Kuna kongamano moja, jina naacha, nilialikwa kuongea nikaambiwa nauli nitarudishiwa. Nilirudishiwa tisheti. Tukiendelea hivyo, maspika watakuwa wale tu wenye uwezo wa kujilipia, na tutadhani ndio wenye akili peke yao. Kutoka nje ya nchi ni zaidi: tangu Juni 2024 ada ya viza ya Schengen ni euro 90, na ukinyimwa hurudishiwi. Jirani ni rahisi. Tangu 2014 Mkenya anaweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Mpaka umefunguliwa, lakini nauli na kitanda bado ni juu yako.

Wengine watasema tungoje wafadhili. Python Software Foundation ya Marekani imesaidia mikutano mingi ya Afrika kwa miaka, na shukrani ni lazima. Lakini Agosti 2025 ilisimamisha mpango wake wa ruzuku kwa muda, kwa sababu bajeti ya mwaka ilikuwa imefika mwisho. Hakuna mtu aliyekosea hapo, pesa huisha. Kikundi kinachotegemea dola kitalala dola zikilala. Kikundi kinachotegemea ukumbi wa kanisa, mandazi na spika mmoja aliyepanda gari kitaamka Jumapili ijayo.

Na serikali isisahaulike. Kenya ina wadi 1,450, na tuliahidiwa kituo cha kidijitali katika kila moja. Birongo ni wadi. Sawa, tunangoja. Lakini hata kituo kikijengwa kesho na kompyuta zikapangwa mstari, bila kikundi cha watu wanaokutana ndani itakuwa nyumba yenye kufuli na mlinzi. Watu ndio wanakuja kwanza, nyumba inawafuata.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo na linapimika. Wewe unayepanga kongamano kubwa Nairobi: kwa kila kongamano moja, toa maspika wawili waende mji mmoja mdogo mwezi huo huo, na uwalipie nauli kabla hawajapanda gari. Kama bado unataka sisi tuje, andika kwa tangazo lako mahali pa kulala pa wasichana, na jina la mtu mzima ambaye mzazi anaweza kumpigia simu. Mstari mmoja tu. Utashangaa ni viti vingapi vitajaa.

Wewe spika: ongea Kiswahili, kuja na mfano unaofanya kazi kwa simu, na usiogope mvua.

Na wewe wa mtaani kwetu, ama mtaa wowote wenye watu watano wanaojua kitu: usingoje hoteli. Tafuta ukumbi usio na kazi, chagua siku ambayo haigongani na ibada ya mtu, weka sufuria ya chai. Kama wakija sita, hao ni sita ambao hakuna mtu angewauliza chochote.

Huku kwetu ukumbi uko, Jumapili saa nane. Uko na kitu unajua na unaweza kukieleza kwa dakika thelathini? Panda gari ukuje. Usijali utalala kwa nani. Hapa kwetu mgeni hakosi kitanda.