Ukitengeneza ua, anza na maji

Msomaji wangu, siku hizi wengi wanabomoa baraza la zamani la saruji nyuma ya nyumba na kuweka jukwaa la mbao, pevingi na bustani. Ni jambo jema, kwani saruji iliyopasuka huwaangusha wazee na watoto. Lakini kabla hujaulizia bei ya mbao, muulize fundi: maji ya mvua yatakwenda wapi?

Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, hahitaji dimbwi. Kisahani cha chungu cha maua au kopo lililosahauliwa chini ya jukwaa vinamtosha. Yai huwa mbu kamili kwa takriban siku 7 hadi 10. Tena huuma mchana, wakati mtoto anacheza hapo uani na chandarua kimekunjwa.

Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye mteremko na mfereji, urembo utafuata. Jukwaa liinuliwe kiasi cha ufagio kupita chini yake. Kila wiki mwaga maji ya visahani na uvisugue, maana mayai hunata pembeni na hustahimili ukavu kwa miezi.

Mtoto akipata homa kali na maumivu ya mwili, mwahishe kituo cha afya. Usimpe aspirini wala ibuprofeni kabla hajapimwa. Zinaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu.