Acheni kumlaumu nyanya, mizani ndiyo mbovu

Jamani, kuna sentensi moja ambayo nikiisikia tena redioni nitairusha redio dirishani: "Usimpe mtu yeyote PIN yako." Tunaambiwa asubuhi, mchana na jioni. Ikitokea mtu kaibiwa pesa kwenye simu, swali la kwanza analoulizwa ni lile lile: ulimpa nani PIN? Akisema alimpa mtu, basi kesi imeisha. Kosa ni lake.

Ushauri wenyewe si mbaya. Ubaya ni kwamba umegeuzwa kuwa ulinzi mzima wa mfumo unaotumiwa na Wakenya zaidi ya milioni 30. Na mimi kama mtu ninayekula kwa kuandika programu, nasema fani yetu inajificha nyuma ya sentensi hiyo.

Tuanze na hapa Kebirigo. Hili ni soko la Nyamira lililozungukwa na mashamba ya chai. Kiwanda chetu kiko chini ya KTDA, sawa na Sanganyi na Nyansiongo. Mkulima hulipwa kila mwezi kwa kilo alizopeleka, halafu huja bonasi ya mwisho wa mwaka wa fedha, kwa kawaida karibu na Oktoba. Kila mtu anajua msimu huo. Mwenye duka la mabati anajua, mwenye shule anayedai karo anajua, na mwizi wa simu naye anajua. Ndiyo maana msimu wa bonasi ndio msimu wa zile simu za "hongera, umeshinda" na "nimekutumia pesa kimakosa, tafadhali nirudishie".

Sasa mtazame huyo mkulima. Ni nyanya wa miaka 75, macho yamechoka, mkononi ana kabambe, ile tuliyozoea kuiita mulika mwizi. Menyu ya M-Pesa iko kwa Kiingereza au Kiswahili. Ekegusii, lugha anayohesabia pesa zake, haimo. Herufi ni ndogo kama mbegu za wimbi. Atafanya nini? Atampa simu mjukuu, au atampa wakala dirishani, na atamtajia tarakimu nne kwa sauti ambayo hata wa bodaboda aliyeegesha nje ataisikia. Nyanya huyu si mjinga. Ametoa PIN kwa sababu bila kuitoa hawezi kula pesa yake mwenyewe. Mfumo umemlazimisha kuvunja sheria, halafu unamlaumu kwa kuivunja.

Hebu tulinganishe na jambo ambalo kila mtu huku analijua: mizani. Wakulima wa chai walilalamika miaka mingi kuhusu vituo vya kununulia majani. Karani anasoma, karani anaandika, kilo zinayeyuka. Je, kuna aliyesema dawa ni kumfundisha mkulima akisie uzito kwa mkono? Hakuna. KTDA ilileta mizani ya kielektroniki yenye kuchapa risiti. Malalamiko hayakuisha yote, lakini angalau mkulima anarudi nyumbani na karatasi. Na ukienda dukani kununua sukari, kuna Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, inayotaka mizani ya mwenye duka ikaguliwe na mkaguzi wa serikali na kupigwa muhuri. Hatumwambii mnunuzi, "kuwa mwangalifu na mizani." Tunakagua mizani.

Kwa nini programu inayobeba bonasi nzima ya mwaka isidaiwe vivyo hivyo?

Wenzangu wa fani watasema haiwezekani, watu ni watu, watadanganywa tu. Haya, tukumbushane historia kidogo. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007. Kwa miaka minane ukikosea tarakimu moja ya namba, pesa iliruka kwa mtu usiyemjua, na lawama ilikuwa yako: ungesoma vizuri. Mwaka 2015 Safaricom ikaleta Hakikisha. Ghafla jina la mpokeaji likaanza kuonekana, na ukapewa sekunde chache za kusitisha. Watumiaji walikuwa wale wale, macho yale yale, vidole vile vile. Kilichobadilika ni programu. Yaani lile tatizo lililoitwa uzembe wa mteja lilikuwa na dawa upande wa mfumo, na mteja ndiye aliyelipia miaka minane ya kuisubiri.

Huko nje nako ni hivyo hivyo. Mwaka 2003 Bill Burr wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, aliandika mwongozo uliosababisha dunia nzima kulazimishwa kubadilisha nywila kila baada ya siku kadhaa na kuzijaza alama za ajabu ajabu. Watu wakawa wanaongeza "1" mwishoni na kuziandika kwenye karatasi mezani. Mwaka 2017 Burr mwenyewe aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba anajutia mengi ya aliyoyaandika, na mwongozo mpya wa NIST ukaacha kulazimisha mabadiliko hayo ya mara kwa mara. Miaka 14 wafanyakazi wa ofisi walikuwa wanaambiwa wao ndio tatizo!

Tuje kwenye wizi mkubwa zaidi, ule wa kubadilisha laini. Mwizi hahitaji simu yako. Anahitaji jina lako kamili, namba ya kitambulisho, namba ya simu, na pengine habari za miamala yako ya karibuni. Akishajifanya wewe, anapewa kadi mpya yenye namba yako. Simu yako inapoteza mtandao ghafla, SMS zako zinaanza kwenda kwake, na PIN mpya anaiomba mwenyewe. Hapo hukumpa mtu PIN hata kidogo! Mulot, mji ulio mpakani mwa Bomet na Narok, umetajwa mara nyingi na polisi katika kesi za namna hii, kwa hiyo si hadithi za mbali.

Na hizo habari mwizi anazitoa wapi? Fikiria lile daftari la wakala. Jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, kiasi, sahihi. Limefunguliwa kaunta, kalamu imefungwa kamba, na wewe unapotia sahihi unawasoma watu ishirini waliotangulia. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inayosema habari za mtu zikusanywe kwa kiasi kinachohitajika tu na zilindwe. Wakati huo huo, zinakaa kwenye daftari la shilingi mia. Hapo tena nyanya alikosea nini?

Najua pingamizi kubwa: "Lakini wizi mwingi mtu anatuma pesa mwenyewe, kwa hiari, baada ya kudanganywa. Mfumo utajuaje?" Ni hoja ya kweli na siidharau. Lakini tazameni Uingereza. Tangu 7 Oktoba 2024, mteja akitapeliwa akatuma pesa mwenyewe kwenye akaunti ya tapeli nchini humo, kwa kawaida lazima arudishiwe, hadi pauni 85,000, na gharama inagawanywa nusu kwa nusu kati ya taasisi iliyotuma na iliyopokea. Busara yake ni rahisi: hasara ikimwangukia mwenye mfumo, mwenye mfumo atapata akili za kuurekebisha. Ikimwangukia mteja, mwenye mfumo atanunua tangazo la redio.

Basi nitaje ninachodai, nisije nikaambiwa nalalamika tu:

1. Sauti kwa Ekegusii, na kwa lugha nyingine za nyumbani. Unapiga namba, unasikia salio lako na jina la unayemtumia. Simu ya kabambe inatosha.

2. Kikomo ambacho mtu anajiwekea mwenyewe. Leo kikomo cha muamala mmoja ni shilingi 250,000, ni kile kile kwa tajiri wa Nairobi na kwa mchuma chai wa Kebirigo. Nyanya akitaka chake kiwe 5,000, na kubadilishwa tu akifika mwenyewe dukani na kitambulisho, apewe.

3. Msaidizi anayetambulika. Kama mjukuu ndiye anayesaidia, basi awe na PIN yake, ruhusa yake ndogo na kumbukumbu ya alichofanya. Benki zina watia sahihi wawili tangu zamani.

4. Pesa nyingi kwenda kwa namba mpya isubiri saa kadhaa. Tapeli anaishi kwa haraka. Mnyime haraka.

5. Daftari la kaunta life. Mashine ithibitishe kitambulisho, macho ya jirani yasikisome.

6. Mkaguzi. Kama mizani ya sukari inapigwa muhuri, na huu mfumo ukaguliwe na mtu asiyelipwa na kampuni, na ripoti isomwe hadharani.

Hakuna hata moja hapo inayohitaji sayansi mpya. Ni kazi ya kawaida ya programu, ya aina tunayoifanya kila wiki mwenye pesa akiitaka.

Mpaka siku hiyo, fanyeni haya, na muwafanyie wazee wenu. Kwa wateja wa Safaricom, bonyeza *100*100# ili laini yako isibadilishwe kiholela kwa wakala. Simu ya kweli kutoka kwao huja kwa 0722 000 000, nyingine zote ni za kukata. SMS ya utapeli itume kwa 333. Ukituma pesa kimakosa, peleka ile SMS ya muamala kwa 456 haraka. Na mtandao ukipotea ghafla wakati jirani anao, usingoje kesho, kimbia kuuliza.

Lakini tusidanganyane kwamba haya ndiyo suluhisho. Haya ni kumfundisha nyanya kukisia uzito kwa mkono. Oktoba itakuja tena, bonasi italipwa, na redio itatuambia tena tusimpe mtu PIN. Ukiisikia, uliza swali moja tu: mizani hii ilikaguliwa na nani?