Povu la Kuzimia Moto na Maji ya Mlima Wetu

Mara nyingi twasikia katika mazungumzo ya wenzetu makarani, hasa moshi unapoonekana juu ya mlima, ya kwamba kama Serikali ingalinunua povu la kutosha moto ungalizimika siku ile ile. Maneno hayo yalisemwa sana Oktoba 2020, yakasemwa tena Oktoba 2022 moto ulipowaka karibu na kambi ya Karanga. Wasemao hivyo wana nia njema, wala hatuwacheki. Lakini twaona yafaa tueleze povu hilo ni kitu gani, lafanywaje, na hewa iliyomo ndani yake ni ipi, kwani wengi wetu ndio tuandikao hati za kuagizia vitu, ndio tuvipokeao stoo, na ndio tukaao katika baraza la kuvifuta vitabuni vikiisha kuchakaa.

Povu la zimamoto ni vitu vitatu vilivyokutana: maji, dawa ya povu, na hewa. Dawa huletwa katika mapipa, nayo ni nzito kama asali nyepesi. Iliyo ya kawaida huchanganywa tatu kwa mia, maana yake katika lita 1,000 za mchanganyiko, lita 30 ni dawa na lita 970 ni maji. Mchanganyiko huu hupitishwa katika mdomo wa mpira wenye matundu ubavuni, na kwa nguvu ya mwendo wake huvuta hewa ya nje, ukatoka povu jeupe. Lita moja yaweza kuwa lita nane za povu. Povu zito halipiti mara 20, na lile jepesi sana, la kujaza ghala au tumbo la meli, huvuka mara 200 na kufika hata 1,000.

Hapa ndipo watu wengi wakosapo. Hudhani ya kuwa ndani ya mapovu yale mna gesi kali ya kuua moto. Zamani dhana hiyo ilikuwa na ukweli wake. Aleksandr Loran, mwalimu wa Kirusi aliyefundisha Baku penye visima vya mafuta, aliligundua povu la kwanza mwaka 1902 kwa kuchanganya maji ya namna mbili: haya yametiwa soda kama ile ya kuumulia mikate, na hayo yametiwa chumvi ya jamii ya shabu. Yakikutana huchemka pasipo moto, yakatoa hewa ya ukaa, yaani kabonidayoksaidi. Nani katika sisi wa Uchaggani asiyeijua hewa hiyo? Ndiyo inayoliinua povu la mbege ndizi na ulezi vinapochacha. Hata hivyo mtu asimwage mbege yake motoni, maana povu lake halidumu. Na Loran naye ilimbidi atie dawa ya mizizi ili mapovu yake yasipasuke upesi.

Siku hizi povu la magari ya zimamoto hujazwa hewa hii hii tuivutayo puani, ambayo sehemu yake ya tano ni oksijeni. Basi msomaji atauliza, mbona hewa hiyo hailishi moto? Ni kwa sababu imefungwa ndani ya ngozi ya maji. Petroli yenyewe haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake ukikutana na hewa. Povu hutandazwa juu yake kama blanketi, mvuke ukazuiliwa chini na hewa ikazuiliwa juu, na maji yanayochuruzika kutoka katika mapovu yakapoza yaliyo chini. Katika mitungi midogo ya povu tunayoiona ukutani, naitrojeni au hewa iliyoshindiliwa kazi yake ni kusukuma tu. (Katika ofisi moja tuliona mtungi wa namna hiyo ukitumika kuzuia mlango usibamizwe na upepo, na mshale wake umeshuka kwenye wekundu. Hatukuuliza ulikaguliwa lini.)

Kazi halisi ya povu basi ni juu ya mafuta. Petroli ni nyepesi kuliko maji, nayo huelea. Ukiimwagia maji matupu waisafirisha pamoja na moto wake hadi mlangoni kwa jirani. Msiba wa Msamvu, Morogoro, wa tarehe 10 Agosti 2019, ambapo watu zaidi ya 100 walikufa baada ya lori la mafuta kupinduka na kulipuka, watosha kutuonyesha mafuta ni nini. Malori kama hayo hupita Himo na Moshi mchana na usiku. Kwa hiyo povu lataka liwepo Moshi, tena si haba, na asitokee mtu kusema kwamba twalipinga.

Mlimani ni jambo jingine. Moto wa 2020 ulianza tarehe 11 Oktoba upande wa Whona, kati ya Mandara na Horombo, ukala vichaka na majani makavu kwa siku nyingi, na kwa hesabu ya Shirika la Hifadhi za Taifa eneo lililoungua lilikuwa kama kilomita za mraba 95. Waliopanda kuuzima, pamoja na wanafunzi wa Chuo cha Mweka, walipambana nao kwa matawi, majembe na mapanga. Tuwapelekee povu? Warudi wenzetu katika hesabu ile ya juu. Katika kila lita 1,000 zilizo tayari, lita 970 ni maji, na kila lita ni kilo moja begani mwa mtu. Pasipo maji pipa la dawa ni mzigo mtupu. Iko dawa ya namna nyingine kwa moto wa misitu, itiwayo kidogo sana, chini ya moja kwa mia, ili maji yapenye vizuri katika majani na udongo. Nayo pia hutakiwa iwekwe mbali na vijito, kwa kuwa huua samaki.

Lakini neno kubwa tulilotaka kusema ni la florini. Kati ya miaka ya 1930 na 1960 dawa ya povu ilipikwa kwa kwato, pembe na damu za wanyama. Ilinuka vibaya, ila ilistahimili joto. Katika miaka ya 1960 jeshi la majini la Marekani na kampuni ya 3M walitengeneza dawa mpya yenye viungo vya florini, ambayo hutandaza utando mwembamba juu ya petroli na kuuzima moto upesi mno. Dunia nzima ikaipokea. Baadaye ikajulikana ya kwamba viungo hivyo haviozi. Vikiingia katika udongo na maji hukaa, na vikiingia katika damu ya mtu hukaa miaka. Mkataba wa Stockholm, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2004, uliweka kimojawapo, PFOS, katika orodha yake mwaka 2009, na kingine, PFOA, mwaka 2019. Mwaka 2023 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitamka kwamba PFOA huleta saratani kwa wanadamu.

Sasa tazameni mahali tunapoishi. Mji wa Moshi hunywa maji ya chemchemi, kama vile Shiri na Nsere. Juu ya mji kuna mifongo iliyochimbwa na babu zetu, na chini yake maji ya mlima hushuka hadi Nyumba ya Mungu, na toka hapo Mto Pangani huyachukua mpaka bahari. Kilichomwagwa huku hakina njia ya kupita ila hiyo.

Nasi hatusemi haya kama watu safi. Miaka iliyopita tulikaa katika baraza la kufuta vitu vya stoo, katika ofisi ambayo si lazima kuitaja, na ndani ya orodha mlikuwamo mapipa ya dawa ya povu iliyopitwa na wakati. Mmoja akasema yamwagwe katika mfereji wa nyuma ili mapipa matupu yauzwe. Sote tukatia sahihi. Hakuna aliyeuliza pipani mna nini, kwa kuwa katika daftari yaliandikwa neno moja tu, “povu”.

Tungependa basi desturi ya kuandika neno hilo moja ikome. Dawa isiyo na florini ipo. Viwanja vikubwa vya ndege vya Australia vilianza kuitumia mwaka 2010, na Heathrow ya London ikafuata. Karani aandikaye hati aandike “lisilo na florini”, na apokeaye asisaini mpaka ameona karatasi ya mtengenezaji isemayo yaliyomo. Mazoezi ya zimamoto yafanywe kwa maji au kwa povu la mazoezi. Na mapipa ya zamani yabaki yamefungwa, chini ya paa, juu ya sakafu ya saruji, mpaka watu wa mazingira waje kuyachukua.

Tumemwomba Katibu wa tawi aliweke jambo hili katika mkutano ujao, na amwalike ofisa wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji aje kutueleza. Kila mwanachama aliye na funguo za stoo na aje na hesabu ya mapipa yake, na tarehe iliyopigwa juu ya kila moja.