Ubeti Uliofutwa

Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Muleba, aliniletea shairi kuhusu kibanja cha kwao. Ubeti wa nne ulimtaja babu yake, aliyetoka Rwanda zama za ukoloni kuja kufanya kibarua katika kahawa ya watu, akafia huku na kuzikwa chini ya migomba. Tulipokutana tena mjini Bukoba, alikuwa na nakala safi. Ubeti huo haukuwamo. Nilipomuuliza sababu, alijibu: "Mwalimu, shairi husomwa na wengi. Sitaki nije kuulizwa uraia." Nalisimulia hili kwa idhini yake, bila jina.

Sikuweza kumlaumu. Katika Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, maelfu ya watu waliondolewa au walikimbia kutoka Kagera, Kigoma na Geita. Miongoni mwao walikuwamo walioishi nchini kwa miongo mingi, na waliozaliwa humu. Aliyekuwa mtoto wakati ule hakusahau.

Hata hivyo, nashikilia kwamba ubeti ule ndio uliokuwa wa Kihaya kuliko yote. Kwetu, kibanja si shamba tu. Ni makazi, migomba, mibuni na makaburi ya waliotangulia. Tena mapokeo yetu yamejaa habari za ujio. Wahinda waliotawala Ihangiro, iliyoko Muleba ya leo, walijinasibisha na Ruhinda wa Karagwe, ambaye masimulizi humtaja kuwa mtu wa kuja. Wababito wa Kiziba walijinasibisha na Bunyoro, katika Uganda ya leo. Asili hizo zilikuwa fahari ya watawala. Kwa nini asili ya kibarua iwe aibu?

Ushairi wa Kiswahili nao una ushahidi wake. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, alikuwa wa nasaba ya Wayao, watu wenye asili ya kusini, ng'ambo ya Ruvuma. Hakuna anayemdai leo cheti cha Uswahili.

Wapo watakaosema kuwa dola ina haki ya kulinda mipaka yake. Nakubali. Lakini uraia huamuliwa kwa sheria na ushahidi, si kwa umbo la pua wala lafudhi. Aidha, uraia na asili ni maswali mawili tofauti: mtu aweza kuwa Mtanzania kamili na babu yake akawa Mnyarwanda. Ofisa anayeyachanganya maswali hayo humdhulumu raia; mwalimu anayeyachanganya humfundisha kijana kusema uongo kwa vina na mizani.

Sikumshurutisha aurudishe ubeti ule, kwani hatari ingekuwa yake, si yangu. Nakala ya kwanza ningali nimeihifadhi. Ni wajibu wetu, sisi tunaofundisha na ninyi mnaoshika mihuri ya ofisi, kuifanya Kagera mahali ambapo ataweza kuja kuichukua.