Hewa chafu ya "wingu": mbona hesabu ziko mbili?

Wadau, mtu akikwambia picha zake ziko kwenye wingu utadhani zinaelea hewani kweli. Wapi! Ziko kwenye seva, seva ziko ndani ya jengo, na jengo linakula umeme usiku na mchana. Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria vituo vya data vilikula kama asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia mwaka 2024. Ireland ndo usiseme: asilimia 21 ya umeme wa nchi mwaka 2023, kwa takwimu za serikali yao wenyewe.

Sasa umeme huo umetoa hewa ukaa kiasi gani? Hapo ndo penye mchezo, maana hesabu ziko mbili na zote zinaruhusiwa. Moja inaangalia gridi ya pale seva zilipo inachoma nini. Nyingine inaangalia kampuni imenunua vyeti gani vya umeme safi. Ulaya wameuziana hata vyeti vya Iceland, kisiwa ambacho hakina waya hata mmoja wa umeme unaofika bara! Yaani seva ziko Dublin zinakula umeme ambao sehemu kubwa ni wa gesi, cheti kinatoka kisiwani, kwenye karatasi inaandikwa sifuri. Halali kabisa.

Mwaka 2024 gazeti la Guardian la Uingereza lilipiga hesabu ya gridi kwa vituo vya Google, Microsoft, Meta na Apple vya 2020 hadi 2022. Likapata mara 7.62 ya kilichotangazwa.

Watetezi wanasema hela hiyo inajenga mitambo mipya ya upepo na jua. Mikataba ya miaka mingi, sawa, inajenga. Lakini cheti cha bwawa la zamani kinajenga nini jamani?

Na sisi tumo. Microsoft walifungua vituo Afrika Kusini 2019, Amazon wakafungua Cape Town 2020. Kampuni ya Dar ikiweka mfumo wake kule inategemea gridi ambayo zaidi ya asilimia 80 ni makaa ya mawe. Yuniti moja ya Eskom ni karibu kilo nzima ya hewa ukaa. Mfumo ukila yuniti 1,000, hiyo ni karibu tani. Kipimo ambacho Amazon waliwapa wateja 2022 kilionyesha hesabu ya vyeti tu, mpaka 2025 ndo wakaongeza ya gridi.

Kwa hiyo ipo sasa. Wenye makampuni, kwenye ripoti zenu mnaandika ipi?